Ng'ombe aliyenipa Baba

Kasenga, Jumapili

Dada Iribagiza,

Binti yangu Bella ameanza kutembea. Duka nimelifunga, wateja nawaambia naumwa. Madeni yamenishinda, dada.

Avoka, yule mwanasheria, alinieleza njia mbili: kuomba wanaonidai wapokee kidogo kidogo, ao kutangaza kufilisika, tribinali, ni kusema mahakama, iuze mali yangu na kuwagawia feza. Ya kwanza wameikataa.

Akaniuliza niko na mali gani. Nilitaja duka na pikipiki. Ng'ombe aliyenipa Baba, unayenichungia weye huko juu mlimani, nikamnyamazia, sababu watoto wako wanakunywa maziwa yake. Lakini mwenye kuficha mali, sheria haimlindi. Kesho nitamtaja.

Wakipanda kumchukua, usiseme ni wako. Omba tu wakuache umkamue kwanza.

Mdogo wako, mwenye haya,
Ndahiro