Mashine ya Gemu ya Kaka Sultani

Winfrida, nimejifungia chumbani. Sitoki.

Unakumbuka ile mashine ya gemu ya marehemu kaka, aliyokuwa anatufunga nayo mpira kila jioni? Nimeitoa leo nione kama bado inafanya kazi. Picha ikaja, sauti hamna. Nikafungulia tivii sauti hadi mwisho, hamna. Nikatikisa waya.

Mashabiki wakalipuka GOOOLI! Nyumba nzima! Na uani ndugu wote kutoka kijijini Mkunya wanasoma dua ya arobaini yake!

Shangazi akafoka, "We Hamida, msibani unacheza mpira?"

Hilo ningelivumilia. Lakini mama, Winfrida! Alikuja mbio, uso unang'aa, akasema, "Sultani, punguza mwanangu, tuna wageni."

Kasema hivyo kabisa. Halafu akaniona mimi.