Kwato za Pundamilia Wako

Baba yangu wa tezo na msasa,

Leo nimepita Makadara, nikasimama mbele ya kile chumba chetu, nikacheka peke yangu barabarani hadi watu wakanitazama. Nilikumbuka ulivyoniambia nikiwa darasa la tano, shule zilipofungwa siku tatu katikati ya muhula: "Mama, umezaliwa Nairobi na huijui. Aibu gani hii!" Uliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yako, kama ilivyo desturi yetu Wakamba. Hata ukinigombeza, ulinigombeza kwa adabu.

Ukaacha tezo karakanani siku tatu nzima, wewe uliyekuwa ukichonga hata Jumamosi ya Pasaka. Siku ya kwanza tulikwenda kwa miguu hadi Kariokor, ukaninunulia akala za tairi. Zilinichubua vidole, nami nikajifanya hazinichubui. Siku ya pili tukapanda lifti hadi juu ya jengo refu katikati ya mji, ukanyoosha kidole upande wa mashariki: "Pale pote penye mabati ni kwetu." Ulisema hivyo kama mtu anayeonyesha shamba lake. Tuliporudi, vijana wa mtaa wakakusalimu, "Niaje, mzee wa punda!" Ukawapungia mkono. Nani mtaani hakujua kwamba pundamilia wako wa mbao walinunuliwa kuliko wa fundi mwingine yeyote? Nilijisikia mtoto wa waziri.

Siku ya tatu ukanipeleka Lang'ata, pale wanyama yatima wanapolelewa. Mutua naye akajiunga nasi, rafiki yako wa karakanani aliyekuonea wivu tangu zamani. Na hapo ndipo nilipojua jambo la ajabu: hamkuwa mmewahi, hata mmoja wenu, kumwona pundamilia aliye hai! Wewe ulijifunza kwa kumuiga yule wa mbao ambaye babu alimchonga huko kijijini Wamunyu, wenzako wakakuiga wewe, mambo yakaenda hivyo miaka yote.

Nikamtazama miguuni yule aliye hai. Ukwato wake ulikuwa mmoja, mzima, kama wa punda. Wako, Baba, walikuwa na kwato zilizopasuka katikati kama za ng'ombe. Na kule karakanani kundi zima la mbao lilikuwa limekamilika, milia imechomwa kwa chuma cha moto, likimsubiri mnunuzi wa Jumatatu. Nikisema, nakuaibisha mbele ya Mutua. Nikinyamaza, kosa linakwenda kwa mnunuzi likiwa na jina lako.

"Baba," nikasema, "wako wana miguu ya ng'ombe."

Mutua akaangua kicheko. "Heh! Mtoto huyu ana madharau!"

Ulichuchumaa kando ya ua, ukazitazama zile kwato muda mrefu, nami nikajua kichapo kimefika. Kisha ukainuka, ukavua kofia.

"Huyu si mtoto, Mutua. Ni mama yangu amenirekebisha. Na mama yangu simbishii."

Wallahi sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo, na nimesifiwa mara nyingi tangu siku ile. Hatukwenda nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja karakanani, mimi nikakoroga unga wa mbao na gundi, wewe ukaziba nyufa, ukwato baada ya ukwato. Ukawaita mafundi wote, ukawaambia: "Jamani, tumekuwa tukichonga ng'ombe wenye milia." Wengine walinuna. Mutua alicheka wee, halafu akavuta kigoda akaanza kuziba wake.

Sasa mimi ni mwalimu, Baba. Mwanafunzi akinikosoa mbele ya darasa, nasikia uso unawaka, halafu nakukumbuka ukivua kofia. Namshukuru mtoto, nafuta ubaoni. Ninajivunia kuzaliwa na wewe kuliko cheti chochote nilicho nacho.

Yule pundamilia wa babu yuko mezani ninapoandika, na kwato zake bado zimepasuka. Siku ile nilimletea gundi, ukanishika mkono.

"Huyo mwache," ukasema. "Baba yangu hakupata binti wa kumwambia."

Pumzika, fundi.

Ni mimi, binti yako na mama yako.