Nimekinai, Baba Zuhura

Kilwa Masoko, Jumapili

Na bado sebule inanuka jasho la watu nisiowajua.

Tangu serikali iseme biashara ni ruksa, mume wangu kaigeuza sebule yetu ukumbi wa video. Kila alasiri wageni tele wanashangilia filamu za karate, nami sina hata pa kukaa. Leo nikamwambia, "Baba Zuhura, mimi nimekinai."

"Alhamdulillahi!" Akawageukia watu. "Mke wangu ameridhika! Leo tunaongeza filamu ya pili!"

Nikatoka nje, nikazima jenereta. Akanifuata mbio.

"Kulikoni? Si umesema umekinai?"

"Nimekinai kama mtu anayelishwa dagaa asubuhi na jioni. Nimechoka, sina hamu tena. Hata wewe umeanza kunitoka moyoni."

Mwalimu mmoja, mmoja wa watazamaji, akachungulia dirishani, akasema taratibu, "Kiswahili kinaruhusu maana zote mbili."

Baba Zuhura akainamisha kichwa. Kusema kweli niliogopa, nilidhani nimemvunja moyo kabisa.

Wapi! Kachomoa nyaya, kaibeba televisheni hadi kwa mama yake. Nasikia mama mkwe kaipokea kwa vigelegele.

Tumpe wiki mbili, naye atakinai.