Jicho Alilolifungua Mmbone

Dada Rukia,

Natumai kikohozi cha Mama kimepoa. Kakamega mvua hainipi nafasi, na wivu pia.

Unamkumbuka Mmbone, niliyesoma naye elektroniki? Leo nilifuatana naye hospitalini. Kamera inayowaonyesha wauguzi watoto wachanga ilikuwa inakatakata picha. Waya ni mrefu, kwa hiyo mawimbi ya kasi yanayobeba picha yalifika dhaifu, yamevurugana. Nikasema, "Tuufupishe waya."

"Na wodi tutaisogeza?" akauliza. Wauguzi wakacheka.

Akarekebisha kipokezi, kile kifaa cha mwisho wa waya, kikuze mawimbi ya kasi yaliyodhoofishwa na waya. Kwenye kioo cha kipimo chake cha mawimbi, mistari iliyovurugika ikaachana, katikati pakafunguka kama jicho. Picha ikatulia: mtoto anapiga miayo. Mama wa mtoto, aliyekuwa kando yetu, akamkumbatia Mmbone. Nilipiga makofi, moyo ukiniuma.

Jioni akanipikia ingokho na obusuma, kuku na ugali wa kwao. Kuku alikuwa mtamu, hata hilo likaniudhi. Kisha akasema, "Chuoni nilikuwa nakuonea wivu wewe, mpaka nalia."

Nikaomba paja la pili.

Mwombee mdogo wako moyo mpana. Nawapenda nyote.

Zuhura