Kopo la Mvua la Idodi

Idodi, Iringa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kwanza niambie kifua chako kinaendeleaje, maana baridi ya huko Mbeya haimwonei mtu huruma. Mimi mzima, ila vumbi la Idodi nalila pamoja na ugali.

Kazi yangu ni ile ile. Asubuhi naangalia kopo la kupimia mvua, kisha nateremsha kamba kisimani nione maji yameshuka kiasi gani. Habari hizo zinakwenda kwa Bwana Maji mjini, naye ndiye anayeamua wapi pachimbwe kisima na wapi watu wahamishwe. Huko kwetu mvua tunaitukana, Mama. Hapa kopo ni kavu tangu nifike.

Juzi nikakuta maji ndani yake. Nusura nipige vigelegele! Kutazama chini, vumbi tupu, hakuna hata tone. Bibi mwenye nyumba ninayokaa alikuwa nyuma yangu.

"Ni mimi, mwanangu," akasema. "Kila siku nakuona unakipigia magoti chombo hicho, nacho kitupu. Nani anatambika kwa chombo kitupu? Nikakitilia."

Yalikuwa maji yake ya kunywa. Mama, sikuweza hata kucheka.

Niliyamwaga, nikaandika hakuna mvua. Na kisima nikakiandika kilivyo, kamba inarudi na tope. Ningefanyaje? Niseme uongo, watu wafe kwa kiu? Sasa jibu limekuja: watu wa kitongoji hiki wote wahamie bondeni, kwenye kisima cha zamani.

Bibi amemzika mumewe hapa, na watoto wake. Nilipomweleza hakulia. Alikunja mkeka wake taratibu, akaniuliza, "Na huko unakotupeleka, mwanangu, umepima?"

Ee Mama, nilikosa pa kuficha uso. Sikupima. Hakuna aliyepima.

Nimeomba nitangulie peke yangu, nikae huko kiangazi chote, hata kikivuka mwaka, mpaka nijue kisima kile hakikauki. Nimekubaliwa. Kwa hiyo Krismasi msiniwekee sahani.

Nisalimie shangazi, na mkweo anayekuchotea maji, na mchungaji wetu. Kaka mkubwa mwambie matofali ya kaburi la baba asiyaache yanyeshewe kwa kunisubiri mimi. Ajenge tu. Nilitaka sana kushika mwiko siku ya kulijenga.

Mimi mwanao nikupendaye,
Ambakisye