Nyumba Yetu Mbele ya Buswelu

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoka tena mwanangu Tumaini akiwa usingizini. Nimemwacha kwa jirani, Mama Sabina. Kutoka kwetu hadi zinakoanzia gari za Buswelu ni mwendo, na mvua ikinyesha bodaboda hawataki kushuka korongoni. Nimefika kazini, zahanati ya Igogo, nimeloa. Wagonjwa wamejaa. Nimeichoka nyumba hii kabla hata rangi haijapakwa.

Jumatano, 5 Machi
Jioni nimemkuta Tumaini akimwita Mama Sabina "mama". Kuniona tu, akajificha nyuma ya kanga yake. Mama Sabina akacheka kwa aibu. Mimi sikuweza. Nimemwambia Mathayo turudi kupanga Igogo. Amenuna. Mume wangu hajawahi kulala kwenye nyumba yake mwenyewe hadi mwaka huu. Naelewa. Hasira ninayo vilevile.

Ijumaa, 7 Machi
Kesho watu wa mipango miji wanakuja. Mtaa mzima unasema barabara itachongwa, gari zifike hadi kanisani. Mathayo anapiga mluzi. Na mimi nimeanza kuamini.

Jumamosi, 8 Machi
Mkutano. Ofisa kijana, mpole, katandaza ramani mezani kwa mwenyekiti. Njia ya gari inaishia Buswelu. Kwetu ni kijani kitupu, kana kwamba hapaishi mtu. Mathayo alisimama.
"Sisi tuko wapi hapo?"
"Mliwahi kujenga kabla ya mpango, kaka. Nyie ni awamu inayofuata."
"Lini?"
Ofisa akakunja ramani. Tuliwahi! Viwanja vya karibu nani angetuuzia kwa pesa zetu?

Jumanne, 11 Machi
Sili vizuri. Nimepata chumba Igogo. Nimemwambia Mathayo naenda na mtoto.
"Na nyumba?"
"Baki nayo."
Huku nyumba isiyo na mtu huibwa hadi milango. Lazima mmoja abaki. Hakunizuia. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 13 Machi
Tumehama. Tumaini alilia njia nzima akimtaka Mama Sabina. Hapa kazini ni karibu; mtoto anashinda kwa mwenye nyumba, mchana narudi kumlisha. Bado natembeatembea chumbani kama niliyesahau kitu.

Jumapili, 16 Machi
Mathayo amekuja baada ya ibada. Sehemu kubwa ya njia katembea. Alimbeba Tumaini, akaniuliza habari za kazini, akakaa kitandani. Chai haijapoa, kashalala. Nikamvua viatu taratibu. Udongo wa kule ukadondoka sakafuni. Sikuufagia hadi alipoondoka.