Jembe Tulilolikwangua

Jumatatu, 4 Mei 1953

Ofisi imefunguliwa saa moja na nusu. Nimefagia, nimejaza wino, nimekoroga gundi ya unga wa muhogo. Hadi saa sita vitabu vya akiba sitini na kimoja vimebandikwa nembo mpya. Jembe, nembo ya zamani, halionekani tena. Kila karatasi nimeipima kwa rula. Kazi safi.

Jina la zamani: Akiba ya Wakulima wa Kwihara. Jipya: Umoja wa Akiba. Nembo ni mikono miwili iliyoshikana. Nimeichora mwenyewe.

Hatuna budi kubadilika. Tu wachache mno, na ofisi ya ushirika imeandika kwamba itatufuta tusipoongezeka. Wafanyabiashara wa Ng'ambo, mtaa wa Tabora mjini, wako tayari kujiunga, ila si katika chama kinachojiita cha wakulima. Mkutano mkuu ni Jumamosi tarehe 23. Wanachama ni 138. Kura zinazotakiwa kupitisha jina ni 92. Watu wa Sikonge peke yao ni 57. Wasipokuja, tumekwisha.

Sioni sababu ya wao kutokuja. Hata hivyo nimezihesabu tena.

Jumatano, 6 Mei

Fundi rangi amefika kutoka Ng'ambo. Amekikwangua kibao cha mlangoni kwa kigae cha chupa mpaka mbao ikawa nyeupe. Amekuja na Bwana Seif, mkubwa wa wale wafanyabiashara, ambaye babu yake alifika Tabora na misafara. Yeye ndiye aliyelipia rangi. Ameitazama ile mikono niliyoichora, akauliza:

"Karani, hawa wanasalimiana, au mmoja anamzuia mwenzake asiingize mkono mfukoni?"

Fundi alicheka mpaka akamwaga rangi. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 9 Mei

Sikonge, kwa lori la tumbaku. Vumbi hadi masikioni.

Nimegawa vitabu vyote 57. Walivipokea kwa adabu, wakatazama jalada. Mzee mmoja alilowesha kidole kwa mate, akaisugua nembo, kisha akakinusa kidole. Nilieleza sababu za jina jipya kwa nusu saa. Hakuna aliyeuliza swali. Ningependa wangeuliza.

Mjumbe wao ni Mzee Kasonta, mkwe wangu, mfuga nyuki tangu ujana wake. Nilimwamkia kwa Kinyamwezi. Alinijibu kwa Kiswahili, kama anavyowajibu wageni.

Mke wangu Magdalena ameuliza habari za baba yake. Nimesema mzima. Si uongo.

Jumanne, 12 Mei

Watu wanne wa Sikonge wamekuja kwa baiskeli kujitoa katika chama. Wamelala njiani. Nikawauliza kosa ni nini.

"Hakuna kosa, Karani. Tupe vyetu tu."

Nimewaambia kujitoa kunathibitishwa na mkutano mkuu. Hawakubisha. Wametia dole gumba kwenye fomu, wakaifuta mikono kwenye majani na kuondoka bila kunywa maji. Mtu wa Sikonge kukataa maji baada ya safari ile! Naogopa.

Alhamisi, 14 Mei

Tisa wengine. Wa mwisho alikuwa mtu wa makamo niliyewahi kumwandikia barua tatu bila malipo. Nilimbana.

"Muulize mkweo," akasema.

Basi ni yeye. Baba mzazi wa mke wangu ndiye anayekibomoa chama. Nimefika nyumbani nikamweleza Magdalena. Nilitegemea anionee huruma.

"Baba hagombani na mtu bure. Umefanya nini?"

Sijafanya lolote. Nimebandika karatasi. Nimekasirika, sikula. Siku tisa zimebaki.

Ijumaa, 15 Mei

Mwenyekiti Petro anasema watu wa msituni huogopa kila kipya, niwaandikie barua kali. Barua kwa watu wasiosoma. Nimeiandika hata hivyo. Nimeichana.

Jumapili, 17 Mei

Nimerudi Sikonge jana kwa lori. Leo, baada ya ibada, nilimpigia mkwe wangu magoti uani kwake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikamwomba aniambie nilipokosea. Alichukua shoka, akanipa kamba niibebe, tukaingia katika msitu wa miyombo. Tulitembea karibu saa nzima.

Akasimama chini ya mti wenye mzinga, wa gogo, wa zamani sana. Akaniamuru nipande. Nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini. Nikavivua, nikapanda, nyuki wakinipita usoni.

"Unaona nini ubavuni?"

Niliona alama zilizochongwa kwa kisu. Mikato mitatu ya kulala. Kando yake, duara. Kando ya duara, msalaba mdogo.

"Mikato ni ya babu yangu. Duara ni la baba. Msalaba ni wangu, nilipobatizwa. Mzinga ukihama mikono, mwenye kuupokea anachonga yake kando. Ya kwanza haiguswi. Sasa wewe msomi niambie. Ukikuta mzinga umekwanguliwa alama, na juu yake kuna alama mpya, utasema nini?"

Nilikuwa bado mtini. Nilijua jibu kabla hajamaliza. Hapa kila mtoto analijua.

"Umeibwa, baba."

"Haya. Shuka."

Nilishuka. Nyuki mmoja alikuwa ameniuma shingoni na sikuwa nimehisi. Njiani akasema hakumshawishi mtu yeyote. Watu walimwuliza kama mkwe wake ni mwizi. Akawajibu hajui. Ndivyo alivyosema: hajui.

Hilo limeniuma kuliko nyuki.

Jumatatu, 18 Mei

Nimewaeleza Petro na Bwana Seif. Pendekezo langu: jembe lirudi, mikono ikae kando yake, kwenye kibao na kwenye vitabu vyote.

Petro amekataa. Anasema tutaonekana hatujui tunalotaka. Bwana Seif alikunja uso. "Jembe likitangulia, sisi wa Ng'ambo tutakuwa nani? Wageni wa barazani?" Nikamwambia bila watu wa Sikonge hakuna baraza la kukaa. Sijawahi kumjibu mtu mkubwa hivyo.

Aliondoka bila kuaga.

Jumatano, 20 Mei

Nimekusanya vitabu vya Kwihara. Nimechemsha maji, nimeshikilia kila jalada juu ya mvuke. Gundi yangu ni nzuri mno. Karatasi inabanduka na jembe pamoja nayo. Katika vitabu kumi vya kwanza, saba vimeharibika. Jembe halina mpini, au limebaki doa tu.

Nikachukua kalamu nichore upya. Ningeweza, nina mkono mzuri. Kisha nikafikiria: alama iliyochongwa upya na mtu aliyeikwangua, hiyo nayo ni nini? Nikaiweka kalamu chini. Wavione hivyo hivyo.

Jioni Bwana Seif alimtuma mtumishi wake na ujumbe. Amekubali jembe. "Lakini rangi ya mara ya pili atailipa Karani." Nitalipa. Petro amefuata upepo.

Ijumaa, 22 Mei

Fundi amechora jembe upya, mikono kando. Nimewatumia habari watu wa Sikonge kwa lori la tumbaku, sijapata jibu lolote. Nimekwenda barabarani mara nne kutazama. Magdalena amepika chakula cha watu wengi bila kuniambia. Sijui ana tumaini au anafanya kazi ili asikae bure. Mimi sina tumaini.

Jumamosi, 23 Mei

Wamekuja. Malori mawili na baiskeli. Nilihesabu mpaka hamsini na mmoja, nikashindwa kuendelea kwa sababu macho yalijaa machozi.

Walikitazama kibao kwanza. Walisimama mbele yake kama watu wanaotazama mzinga wa jirani. Kisha wakaingia.

Petro alitaka kueleza yeye. Nikaomba nafasi. Nikasema: aliyefunika jembe ni mimi. Si Waarabu, si serikali, si mwenyekiti. Hakuna kilichoibwa, lakini nilifanya kama afanyavyo mwizi, na mimi ni mtoto wa nchi hii, nilipaswa kujua. Nikawaonyesha vitabu vilivyochanika, kimoja kimoja.

Mama Sida wa Sikonge, ambaye ana mizinga mingi kuliko wanaume wengi, alisimama. "Karani! Umesoma mpaka ukasahau ulikozaliwa. Hicho kitabu kina jembe lisilo na mpini, na changu kitatoka hivyo hivyo. Nitalima kwa meno?"

Ukumbi mzima ulicheka. Bwana Seif akadakia kutoka nyuma, "Mama, mpini utatoka Ng'ambo, ndiyo maana tumekuja!" Wakacheka tena, safari hii pamoja.

Kura 109. Jina limepita. Walioomba kujitoa wamezichukua fomu zao wakazichana. Chama hakitafutwa.

Kisha Mzee Kasonta akasimama. Hakunitazama. Akasema kwamba kwao, mtu akigusa alama ya mwenzake, hata kwa kutojua, hapandi mti msimu mzima. Mizinga yake hutunzwa na mwingine. Si chuki. Ni ili watu walale bila wasiwasi. Akaomba karani akae pembeni kwa msimu mmoja, muhuri na funguo ashike mtu mwingine.

Mikono iliinuka yote. Ya Magdalena haikuinuka, lakini yeye si mwanachama. Nilihesabu kura hizo mwenyewe, maana bado nilikuwa karani, nikaziandika kwenye kumbukumbu za mkutano.

Baada ya mkutano mkwe wangu alikula nyumbani kwetu. Alikula vizuri, akaomba maji mara mbili. Alipoaga alinisemesha Kinyamwezi.

Jumatatu, 1 Juni

Nimemkabidhi karani mpya funguo na muhuri. Ni mwalimu wa shule ya misheni, ana mwandiko mbaya. Nimemwonyesha jinsi vitabu vinavyopangwa. Alitaka nibaki kidogo. Nimekataa.

Saa tatu nimerudi kama mwanachama, nikasimama kwenye mstari nje. Mbele yangu watu sita. Sikuwahi kujua kwamba upande ule hauna kivuli. Mtu wa mbele yangu alisogea kidogo ili nami nipate ukingo wa paa.

Zamu yangu ilipofika niliulizwa jina. Nikalitaja.